Moyo wa Mwanariadha wa Ridhaa: Uwanja Uliosahauliwa na Fasihi Yetu

Ukimwomba mgeni yeyote ataje jambo moja linaloitambulisha Afrika Mashariki ulimwenguni, ni nadra asitaje mbio. Mnamo Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Mnamo Oktoba 8, 2023, Kelvin Kiptum aliandikisha rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago, miezi minne tu kabla ya ajali ya barabarani kumkatiza maisha. Takwimu za namna hii tumezihifadhi vichwani kama watoto wa madrasa wanavyohifadhi aya. Hata hivyo, kuna swali ambalo nadra kulisikia likiulizwa katika semina zetu za fasihi: je, mtu anayekimbia kwa saa mbili, tatu au kumi na tano husema nini na moyo wake? Hulisema kwa lugha gani? Na sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tumefanya nini kuhusu usemi huo?

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Mazungumzo ya ndani ya mwanariadha wa masafa marefu, hasa yule wa ridhaa asiyetarajia medali wala malipo, ni uwanja halali wa fasihi. Na Kiswahili kina zana za kuulima uwanja huo kuliko tunavyodhani. Tukiendelea kuuacha, tutabaki watu wanaosifika kwa miguu ilhali maneno ya kuielezea miguu hiyo yanatungwa na wengine.

Riadha na ridhaa

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha mara nyingi huwa imekwisha kufikiri kabla yetu. Neno “riadha” limetoka katika Kiarabu, ambamo shina lake lina maana ya mazoezi na kufunza. Wanazuoni wa tasawufi walilitumia hata kwa mazoezi ya nafsi: kufunga, kukesha na kuizuia nafsi isitawaliwe na matamanio. “Ridhaa” nalo ni radhi, ni kukubali kwa hiari. Ndiyo maana husemwa “ngumi za ridhaa” kuzitofautisha na ngumi za kulipwa. Kwa hiyo tunapomtaja mwanariadha wa ridhaa, Kiswahili kinatuambia kwamba huyu ni mtu aliyekubali mwenyewe kuifunza nafsi yake. Lugha nyingine humwita mtu huyu kwa neno lenye asili ya kupenda. Sisi tunamwita kwa neno la kukubali, na kukubali ni jambo zito zaidi, kwa sababu mtu huweza kukubali hata asichokipenda.

Hakuna mchezo unaoonyesha uzito huo waziwazi kama traiathloni ya masafa marefu, yaani mashindano ambamo mtu mmoja huogelea, huendesha baiskeli kisha hukimbia bila ya kupumzishwa kati ya awamu. Katika mashindano ya Ironman, yaliyoanza kisiwani Oahu, Hawaii, mwaka 1978, mshiriki huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180 na kumalizia kwa marathoni nzima ya kilomita 42.2. Mwaka huo wa kwanza walianza watu 15, wakamaliza 12. Ili msomaji wa magharibi mwa Kenya apate picha, kilomita 180 za baiskeli ni zaidi ya mara tatu ya njia ya kutoka Kakamega hadi Kisumu. Na mtu akishazimaliza hizo, marathoni ndiyo kwanza inamngoja. Kwa desturi washiriki hupewa saa 17. Anayeanza saa moja asubuhi huwa na ruhusa ya kufika hadi saa sita usiku.

Msomaji mwenzangu, mbio hizi haziwezi kuzungumziwa kwa misamiati ya ushindi pekee. Wengi wa wanaoingia wanajua tangu siku wanayojiandikisha kwamba hawatashinda. Wanashindana na saa, na mwili, na ile sauti ya ndani inayowaambia waketi. Mwaka 1982, mwanafunzi wa chuo nchini Marekani aitwaye Julie Moss, aliyeingia katika mashindano ya Hawaii ili kukusanya data ya utafiti wake wa masomo, aliishiwa na nguvu akiwa anaongoza kundi la wanawake hatua chache kabla ya utepe. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, kisha akatambaa kwa mikono na magoti hadi mwisho baada ya mwenzake kumpita. Televisheni iliwaonyesha watazamaji mwili wake wote. Jambo ambalo kamera haikuweza kulionyesha ni yale aliyokuwa akiambiana na nafsi yake pale chini. Hapo ndipo kazi ya kamera huishia na kazi ya fasihi huanza.

Akhwari na kilomita zisizoandikwa

Tusidhani kwamba mfano huu ni wa ng'ambo tu. Afrika Mashariki ina mfano wake, tena ulioutangulia huo kwa miaka 14. Mnamo Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania alishiriki marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wakati huo kanuni za Olimpiki ziliwataka washiriki wote wawe wa ridhaa. Takriban kilomita ya 19, katika msukumano wa kugombea nafasi, Akhwari alianguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani saa 1 na dakika 5 baadaye, giza limekwisha kuingia na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, naye akawa wa 57.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maneno ambayo yamezunguka dunia tangu hapo: kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi hicho kwenda kuanza mbio, bali kwenda kuzimaliza. Ni jibu adilifu, na wengi wetu tumelisikia likitumiwa na wahamasishaji na wahubiri. Lakini tulitazame kama wahakiki. Jibu hilo lilitolewa baada ya mbio, kwa mwulizaji, na dunia ikalipokea na kulieneza kwa Kiingereza. Ni usemi wa hadhara. Kati ya kuanguka na utepe kulikuwa na kilomita 23 hivi za goti lililofungwa bendeji, na katika kilomita hizo moyo wa mtu hausemi sentensi moja iliyokamilika. Hulalama, hukokotoa hesabu, hukumbuka nyumbani, hukasirika, husali, hujidanganya, hunyamaza, kisha huanza upya. Usemi huo hatunao. Tunayo kauli, hatuna moyo ulioizaa.

Ama kwa hakika, hii ndiyo hasara ninayoizungumzia. Mwanariadha wetu anapomaliza mbio, hupewa kinasa sauti na kuulizwa maswali kwa lugha ambayo mara nyingi si ile aliyokuwa akifikiria nayo. Naye hujibu kwa sentensi tatu zilizozoeleka: anashukuru, mbio zilikuwa ngumu, mazoezi yalikwenda vizuri. Kesho yake gazeti linaandika muda wake. Kilichopita ndani ya kichwa chake kinapotea kama umande. Watu wanaodhani wakimbiaji wetu hawana la kusema wangejiuliza kwanza kama wamewahi kuulizwa kwa lugha iliyokuwa midomoni mwao walipokuwa wakiumia.

Wengine wamekwisha kuandika

Hali kadhalika, ni vyema tukumbuke kwamba fasihi za mataifa mengine hazikuuacha uwanja huu mtupu. Mwaka 1959, Mwingereza Alan Sillitoe alichapisha hadithi ya kijana mfungwa anayekimbia mbio za nyika kwa niaba ya gereza la watoto. Hadithi nzima inasimuliwa kutoka kichwani mwake, naye anaamua kusimama kabla ya utepe ili kumnyima mkuu wa gereza fahari ya ushindi. Mwaka 2007, Haruki Murakami wa Japani, ambaye ni mwandishi kwa kazi na mkimbiaji kwa ridhaa, alichapisha kitabu kizima kuhusu yanayompitia akilini katika mazoezi, katika marathoni na katika traiathloni, pamoja na siku moja ya mwaka 1996 alipokimbia kilomita 100. Mwaka 2008, Jean Echenoz wa Ufaransa alitoa riwaya juu ya mkimbiaji wa Czechoslovakia, Emil Zátopek. Uingereza, Japani na Ufaransa si nchi zinazotajwa kwanza panapotajwa mbio ndefu, na bado zina fasihi ya mbio ndefu. Sisi tunaotajwa kwanza tunakwenda kuzisoma zao.

Je, kikwazo ni mbinu? La hasha. Uzungumzi-nafsia si kitu kigeni katika fasihi ya Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utungo ambao ndani yake mshairi anausemeza moyo wake mwenyewe, anaukaripia, anauhoji na kuuonyesha magofu ya Pate ili uzinduke. Huyo ni mtu anayeusemeza moyo usiotaka kusikia, na mwanariadha aliye katika kilomita ya 30 hana shughuli nyingine isipokuwa hiyo. Katika karne ya 20, Euphrase Kezilahabi alimpa Kazimoto wa Kichwamaji (1974) nafasi ya kutuambia mwenyewe jinsi akili yake inavyojitafuna, kisha katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) akaivunja kabisa mipaka kati ya yanayotokea nje na yanayotokea akilini. Said Ahmed Mohamed naye ametupa riwaya ambazo msomaji huzunguka zaidi ndani ya mhusika kuliko ndani ya mji.

Mbinu tunayo basi. Kilichopungua ni kwamba tumeizoea mbinu hii kwa msomi aliyekata tamaa, na kwa mwenye dhambi anayetubu. Mwili unaofanya kazi ngumu, katika nyingi ya kazi tunazozihakiki, hutazamwa kutoka nje: mkulima hutoka jasho, kuli hubeba gunia, mwanamke hutwanga. Wanaumia, nasi twawahurumia, lakini ni mara chache tunapoalikwa kuketi ndani ya pumzi zao. Aidha, maumivu hayo takriban kila mara ni ya kulazimishwa. Mtu anayeyachagua maumivu, akayakubali kwa ridhaa yake na akaweza kuyaacha wakati wowote, hatujamkaribisha vya kutosha katika fasihi yetu.

Sarufi ya uvumilivu

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya mwendo wa pole na hakina mapenzi na mbio. Ushahidi wao wataupata katika methali: haraka haraka haina baraka, mwenda pole hajikwai, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini anayesoma methali hizo kwa makini ataona kwamba wahenga walizishuku mbio fupi. Masafa marefu hayana uhusiano na haraka. Kocha yeyote humwonya mwanagenzi asiondoke kwa kasi, naye akiondoka kwa kasi, ukingo humngojea palepale waliposema wahenga. Hazina yetu ya methali imekwisha kuwa mwongozo wa marathoni, ila hatujaisoma hivyo.

Chukua mfano mwingine. Baada ya kilomita 30 hivi, akiba ya sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini huelekea kwisha, na mkimbiaji huhisi kana kwamba mwili umezimwa. Waingereza huiita hali hiyo ukuta, na kwao ukuta ni kitu cha kubomolewa. Kiswahili nacho kina ukuta wake, lakini methali yetu inasema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Mkimbiaji anayefikiri kwa Kiswahili, akifika hapo, ana urithi mwingine wa mawazo. Huenda asitake kuubomoa. Huenda akaupapasa, akautafutia mlango, akatembea kandokando yake hadi uishe. Simaanishi kwamba mmoja atafika mapema kuliko mwingine. Namaanisha kwamba mawazo yao si yaleyale, na anayeyaandika kwa kuazima sitiari za wengine atakuwa amemwandika mtu mwingine.

Zaidi ya methali, kuna sarufi yenyewe. Wapo wanaoiona sarufi kuwa somo kavu, na hapa ningependa tuitazame upya. Kiambishi -ki- humwezesha mkimbiaji kujiwekea masharti madogomadogo: nikifika kwenye mti ule nitatembea, nikimwona mtoa maji nitakunywa. Kiambishi -nge- huleta majuto: ningelala mapema, ningeanza polepole. Viambishi vya ngeli hukipa kila kiungo utashi wake: goti limegoma, tumbo limekataa, miguu imechoka, pumzi zimekata, moyo umesita. Katika Kiswahili mwili hauzungumzi kama kitu kimoja. Ni baraza lenye wajumbe wenye upatanisho wa kisarufi mbalimbali, na mkimbiaji ndiye mwenyekiti asiyesikilizwa.

Hata saa yetu inafaa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa na mapambazuko. Anayeanza saa moja asubuhi huihesabu siku pamoja na jua: saa sita kivuli kiko miguuni, saa kumi na mbili jua linatua, na baada ya hapo hesabu inaanza upya katika giza. Mtu aliyekwisha kujongea tangu asubuhi akasikia kwamba sasa ni saa moja tena, hukutana na jambo ambalo saa ya Kizungu haiwezi kumpa: kwamba amerudi katika namba aliyoanzia, na bado yumo njiani.

Lakini hazina kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni tofauti kati ya “sikufika” na “sijafika”. Sikufika ni hukumu. Jambo limekwisha, mlango umefungwa. Sijafika ni hali iliyo wazi. Hakuna kilichotimia, ila hakuna kilichoshindikana. Lugha nyingi huhitaji neno la ziada kuonyesha hali hiyo. Kiswahili kimeipachika ndani ya kitenzi chenyewe kwa silabi moja tu. Vita vyote vya mwanariadha wa ridhaa hupiganwa baina ya maneno hayo mawili. Anayeketi kando ya barabara amehama kutoka -ja- kwenda -ku-. Anayetambaa bado yumo katika -ja-. Jioni ile ya Mexico City, washiriki 18 walikuwa tayari hawakufika. Akhwari, kwa zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, alikuwa hajafika.

Mfano kutoka Shianda

Ili hoja hii isibaki hewani, natumia mhusika wa kubuni. Ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Shianda, kaunti ya Kakamega, katika barabara iendayo Mumias. Nimechagua Shianda kwa sababu hapo vitu vitatu vya traiathloni vimekuwa sehemu ya maisha kabla ya mtu yeyote kuviita mchezo: watoto huogelea mtoni bila ya idhini ya wazazi, baiskeli hubeba watu na mizigo kati ya mashamba ya miwa, na njia ya shule hupigwa kwa miguu. Tumwazie mwalimu huyo akiwa katika mashindano ya saa 17, na tujaribu kumsikiliza.

Majini: “Vuta, sukuma, pumua. Vuta, sukuma, pumua. Mama alinikataza mto, akanichapa kwa kurudi na nguo mbichi. Leo nimelipa ada ili nitiwe majini. Nani huyu kanipiga teke? Msamehe, moyo wangu, hapa kila mtu anaogopa. Boya liko wapi? Lilikuwa pale. Bado liko pale. Ni mimi nisiyesogea au ni lenyewe linalokimbia? Usilitazame. Hesabu mikono. Ikifika mia, ndipo utazame.”

Barabarani: “Saa sita. Kivuli kimeingia chini ya gurudumu. Baba alipakia magunia mawili ya mahindi juu ya baiskeli ya chuma mpaka sokoni, na hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi. Mimi nimebeba chupa ya maji, na ndiye ninayelalama. Kula. Huna njaa, kula. Tumbo limekataa. Libembeleze kama mtoto: tonge la ndizi, kisha jingine. Upepo huu haukuwapo asubuhi. Au ulikuwapo, ukinisukuma, nami nikadhani ni nguvu zangu.”

Kwa miguu: “Goti limesema. Nyamaza, goti, zamu yako haijafika. Nikifika kwenye mti ule nitatembea. Mti wenyewe huu. Si huu, ni ule wa mbele. Mwongo wewe. Ndiyo, mimi mwongo, lakini mti tumeupita. Jumatatu watoto wataniuliza: Mwalimu, ulikuwa wa ngapi? Nitawajibu nini? Jua limetua. Wa kwanza wamekwisha kuoga, wamekwisha kula, wamelala. Saa ngapi? Saa moja. Saa moja tena! Sijafika. Hatua. Sijafika. Hatua. Sijafika.”

Sidai kwamba kipande hiki ni fasihi iliyokomaa. Nimekiweka ili kuonyesha kwamba lugha haikugoma. Sikulazimika kuazima muundo wala sitiari, na vitu vilivyomjia mhusika ni vitu vya kwao: mto uliokatazwa, magunia ya baba, maswali ya watoto darasani. Pia sidai kwamba mwalimu wa Shianda angefikiri kwa Kiswahili peke yake. Bila shaka goti lake angelikaripia kwa Kiwanga, kilomita angezihesabu kwa Kiingereza, na mtoa maji angemwomba kwa Kiswahili. Mwandishi hodari angeuacha mchanganyiko huo upenye, kwa kuwa hiyo ndiyo hali halisi ya akili ya Mkenya, na Kiswahili cha fasihi kina kifua cha kuibeba.

Pingamizi mbili

Natarajia pingamizi mbili kutoka kwa wahadhiri na wanafunzi wenzangu. Ya kwanza ni ya kitabaka, nayo ni nzito. Itasemwa kwamba traiathloni ni anasa. Baiskeli ya mashindano ina bei ambayo familia nyingi za vijijini haziwezi kuifikiria. Kiwanda cha sukari cha Mumias, ambacho wakulima wa Shianda na viunga vyake walikitegemea tangu kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya madeni. Mtu aliyeona miwa yake ikikauka shambani kwa kukosa mnunuzi atamsikilizaje mwingine anayelipa ada ili ateseke?

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Maumivu ya hiari si sawa na maumivu ya kulazimishwa, na fasihi itakayoyachanganya itakuwa ya uongo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuyaandika yote mawili bega kwa bega. Mwalimu wetu wa kubuni alipomkumbuka babake na magunia, alikuwa akiuliza swali la kitabaka kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe: kwa nini uvumilivu wangu unapewa medali na wa baba haukupewa hata asante? Hakuna mhadhara unaoweza kuliuliza swali hilo kwa ukali huo. Na pengine tukijifunza kuusikiliza moyo wa anayeteseka kwa ridhaa, aliye na nafasi ya kusimulia, tutapata sikio la kuusikiliza moyo wa mwendesha bodaboda na wa mkata miwa, ambao uvumilivu wao tumeuzoea kiasi cha kutouona.

Pingamizi ya pili ni ya kisanaa. Itasemwa kwamba wakimbiaji wengi wakiulizwa walikuwa wakiwaza nini, hujibu kwamba hawakuwa wakiwaza lolote, na kwamba mwandishi hawezi kujaza kurasa kwa utupu. Jibu langu ni kwamba mtu husema hakuwaza lolote anapokosa maneno ya kulieleza alilowaza, au anapoona kwamba mwulizaji hana haja nalo. Hata utupu wenyewe, ukiwa kweli upo, una umbo. Washairi wetu wamejua tangu zamani kuandika kwa pigo linalojirudia. Utenzi una mizani nane katika kila kipande, vipande vinne katika kila ubeti, na kina kimoja kinachofunga beti zote tangu mwanzo hadi mwisho, hata ziwe elfu. Kuna umbo gani jingine linalofanana zaidi na hatua za mkimbiaji? Tunawasomesha wanafunzi wa sekondari kuhesabu mizani kwa vidole, ilhali kando ya dirisha la darasa kuna mtoto anayezihesabu kwa pumzi.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, napendekeza mambo matatu kwa wanachama wa chama chetu. Kwanza, tuandike. Hadithi fupi, utenzi wa mbio, hata tamthilia ya mhusika mmoja, vyote vinaweza kuanzia katika kurasa za jarida hili. Pili, tukusanye. Kila wikiendi kuna mbio za ridhaa katika miji yetu. Mwanafunzi mwenye daftari na lugha anaweza kusimama baada ya utepe, si kuuliza muda, bali kumwuliza aliyefika wa mwisho alijiambia nini katika kilomita ya 35, na kumwacha ajibu kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwao, au kwa zote mbili. Data ya namna hiyo ingewafaa wanaisimu na wanafasihi kwa pamoja. Tatu, tufundishe. Walimu wa sarufi wanaotafuta mifano ya -ki-, -nge- na -ja- wasiishie kwa Juma na Asha wanaokwenda sokoni. Wawapeleke wanafunzi barabarani.

Akhwari alifika gizani mwaka 1968, na kauli yake imekwisha kutafsiriwa katika lugha nyingi. Zile kilomita 23 za kabla ya kauli hiyo bado hazijaandikwa kwa Kiswahili. Nasisitiza: hazijaandikwa. Sikusema hazikuandikwa.